Mgeni ni Mimi

Nilipiga simu kibarazani, nje ya wodi ya wazazi,
glavu moja bado mkononi.
Kile kijumba cha Makangale, cha chumba kimoja,
kipo wazi Ijumaa mpaka Jumatatu?
Kipo. Wageni wangapi?
Mmoja.
Wa nchi gani?
Wa Wete, nikasema. Jadida, nyuma ya skuli.
Simu ikanyamaza hata nikadhani salio limekwisha.

Bei aliianza kwa dola. Nikaivuta kwenye shilingi
kama anayevuta mbuzi asiyetaka kamba,
tukafika pahala, nikatuma nusu.
Nyumbani nilisema nakwenda kupumzika.
Semina? akauliza Khatib.
Kupumzika.
Semina ya nini?

Shaame Faki alinipokea langoni.
Akalitazama gari lililonishusha, akaitazama barabara,
akangoja.
Mgeni ni mimi, nikamwambia.
Akauchukua mkoba wangu kwa mikono miwili.

Ndani: kitanda, chandarua kimefungwa fundo,
karatasi ukutani: Usioshe miguu kwenye sinki. Maji ni haba.
Na juu ya shuka, taulo limekunjwa likawa bata,
shingo ndefu, ananitazama.
Sikuthubutu kumvunja. Nilijifutia kanga,
nikalala ukingoni.

Saa tisa usiku niliruka: sista! sista!
Kumbe popo, wanagombania matunda ya mkungu.
Kiatu kimoja nilikwishavaa.

Asubuhi nikafagia ua. Sikukusudia;
mkono uliuona ufagio kabla yangu.
Mize, mkewe Shaame, akanikuta nimeshafika kisimani.
We! Nani kakutuma?
Husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mie nilianza na jembe.
Akanipokonya, akaniketisha,
akaleta boflo na chai ya mchaichai,
akasimama pale pale mpaka nikameza.

Siku ile simu haikukoma.
Chumvi iko wapi? Ipo pale pale.
Pale wapi? Pale ilipo miaka kumi na minne.
Nikaizima. Nikaiwasha.
Nikampa Mize akaifukie kwenye mchele wake.

Jumapili nililala.
Sijui niseme vipi zaidi.
Niliamka jua limeshahama dirisha,
mikunjo ya shuka imejichora shavuni,
na bata yumo chini ya kichwa changu, hana shingo tena.
Mize alinambia baadaye alipita mara tatu
kusikiliza kama napumua.
Kazi hiyo ni yangu, kuwasikiliza watu kama wanapumua.
Sikujua niufanye nini uso wangu.

Jumatatu Shaame akaleta daftari la wageni.
Waliotangulia wameandika mchanga, ngisi, machweo;
mmoja kamlalamikia jogoo.
Niliandika: Nimelala. Raya Hamad, Wete.
Akasoma, akageuza ukurasa, akaurudisha.
Basi? Hata godoro hukulisifu?

Nikazikumbuka ndara zangu, nikarudi.
Mlango wazi. Shuka safi zimekunjwa kitini,
na juu ya godoro tupu Mize kalala chali,
viatu kavikumbatia kifuani, asichafue,
macho darini,
anazihesabu boriti ambazo miaka sita
amezitoa utando bila kuzitazama.
Hakunisikia.

Nikarudi kinyumenyume, nikauchukua ufagio,
nikaufagia ua uliokwisha kufagiwa,
polepole, kona kwa kona,
Shaame akiniita, gari, gari,
nami nikifagia.